Tangu Lini?

Mtaani kwetu Ipagala wananiita Mama Jinsia. Aliyeanza ni muuza mkaa aliyenisikia redioni, jina likahamia genge la nyanya, na siku hizi hata mtoto anayetumwa kuja kuomba chumvi kwangu hulitumia. Silikatai. Ila najua kwamba kwa wengi neno hilo maana yake ni mambo ya wanawake, na kwa wengine ni ugomvi na wanaume tu. Nilikuwa darasa la tano mwaka 1995, Mama Gertrude Mongella alipoongoza mkutano wa wanawake kule Beijing, na nakumbuka kijijini kwetu Mpwapwa mwanamke akibishana na mumewe watu walisema, "Huyo kaenda Beijing." Nilidhani Beijing ni ugonjwa.

Nimefundisha jinsia na utamaduni hapa Dodoma kwa miaka kumi na sita. Wanafunzi wapya wakishakaa, naanza na neno lenyewe. Kwenye fomu ya hospitali kumeandikwa "Jinsi: Me/Ke". Hayo ni maumbile. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyajenga juu ya maumbile hayo: nani achote maji, nani akalie kigoda, nani arithi shamba, nani apige ngoma. Wanafunzi huandika haraka, wakijua litakuja kwenye mtihani. Mimi mwenyewe niliwahi kuliandika hivyo hivyo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikalifaulu, na bado nikaja vijijini nikiwa sijalielewa.

Mwaka 2009, nikiwa mhadhiri msaidizi, nilitumwa na wenzangu kukusanya data wilayani Chamwino. Anayeijua kazi hii anajua safari ya barua: chuoni, kwa katibu tawala wa mkoa, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila ofisi muhuri. Kabla sijamfikia mwanamke mmoja nilikuwa nimepita mikononi mwa wanaume sita, na wa mwisho alitaka kuketi nasi wakati wa mahojiano "ili kumsaidia mama kujibu". Nilimruhusu. Sikujua bado namna ya kumkatalia mtu mzima kwa heshima.

Mama mwenyewe alikuwa wa umri wa dada yangu mkubwa. Tulikaa kivulini nje ya tembe, yeye akipepeta uwele kwenye ungo, mimi na dodoso langu mapajani. Swali la kumi na nne lilisema: "Je, unafanya kazi?" Akajibu bila kusita, "Sifanyi kazi, mwalimu. Nipo tu nyumbani." Nikaweka alama kwenye kisanduku cha "Hapana". Mikono yake haikusimama hata mara moja tangu nilipoketi.

Jioni aliniambia kama nataka kuoga kesho niamke naye. Tukatoka saa kumi usiku. Ilikuwa Oktoba, mto umekauka, umebaki korongo la mchanga mweupe, na wanawake walikuwa wameshafika na vibatari vyao. Kila mmoja alikuwa na shimo lake, mengine ya kina cha mtu mzima. Mwenyeji wangu aliingia la kwake, akakwangua mchanga wa chini kwa kopo lililokatwa, akasubiri. Maji hayakutiririka. Yalitoka kidogokidogo kama jasho, yakajaa kiasi cha kikombe, akayachota, akayachuja kwa upindo wa khanga kwenye ndoo ya lita ishirini, akasubiri tena. Niliketi ukingoni nikajaza madodoso mawili ya wanawake waliokuwa kwenye foleni ndipo ndoo ile ikajaa. Alikuwa na ndoo mbili. Kwenye madodoso yale mawili pia, swali la kumi na nne, jibu lilikuwa "Hapana".

Niliposimama kwenye korongo lile niliikumbuka kesi niliyoikariri kwa ajili ya mtihani: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Majaji walikuwa wameshaitambua kazi hiyo miaka ishirini na sita kabla, na mimi, binti wa Mpwapwa niliyekua nikiona mama yangu akirudi na ndoo kichwani, nilikuwa naifuta kwa kalamu. Tulirudi chuoni nikaomba swali lile liondolewe. Badala yake tukauliza, "Jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulifanya nini?" Mama wa kwanza kuulizwa alizungumza saa nzima na nusu.

Hilo lilikuwa kosa la dodoso, na dodoso hurekebishika. La ngoma lilinichukua muda mrefu zaidi.

Nikiwa mwaka wa pili Mlimani, kwenye semina, mwanafunzi mwenzetu alisema kwa uhakika kwamba "Kiafrika, mwanamke hapigi ngoma, ngoma ni ya mwanamume." Darasa likaitikia kwa kichwa, mwalimu akaliandika ubaoni kama mfano, na mimi nikaliandika daftarini. Nimekulia kwenye muheme! Kwetu Ugogo ngoma hiyo ni ya wanawake. Wanasimama, wameibana ngoma katikati ya mapaja, wameinama kidogo mbele, viganja vyote viwili juu ya ngozi, na mmoja anayeongoza anawabadilishia mwendo kwa pigo moja tu la kuwaita. Mama yangu mdogo alikuwa mpigaji. Nililala utotoni kwa mlio wake. Lakini siku ile sikunyoosha mkono, kwa sababu nilichokijua kutoka nyumbani sikukihesabu kuwa ni elimu. Nilikiona kama jambo la likizo.

Baadaye, nikitafuta maandishi juu ya Wagogo, nilikuta kazi za Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo miaka ya mwanzo ya 1960. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1968 anaeleza kwamba nchi ikichafuka, ng'ombe wakipatwa na maradhi, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na fimbo, wakachunga ng'ombe ili kuisafisha nchi. Niliisoma mara mbili maktaba. Likizo ilipofika nilimuuliza bibi yangu.

"Mbukwa, bibi. Ni kweli wanawake walichunga ng'ombe wamevaa kama wanaume?"

"Ng'ombe walikuwa wanakufa," akasema, kama anayeeleza jambo lililo wazi. "Mama zetu walichukua fimbo. Mimi nilikuwa mdogo, nilikimbia nyuma yao."

"Na wanaume?"

"Walikaa nyumbani."

Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote, nikaenda kulitafuta hilo kwenye makala ya Kiingereza. Tangu siku hiyo nina utaratibu: mwanafunzi wangu haanzi kusoma maandishi ya mtu yeyote juu ya kwao kabla hajamhoji mtu mmoja wa kwao, na mahojiano yale nayasahihisha kwa uzito uleule.

Kuna jambo jingine ambalo muheme umenifundisha, nalo linaniuma. Dunia inamjua marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki 2003, na ni haki yake: aliibeba zeze na ilimba, ala za muziki za kwetu, hadi majukwaa ya Ulaya. Lakini niambie jina la mpiga muheme mmoja. Picha zao zimejaa kwenye mabango ya utalii na kwenye mapokezi ya wageni wa kitaifa, na chini ya picha kumeandikwa "kikundi cha ngoma". Katika tasnifu yangu ya uzamivu nilirekodi wapigaji kumi na mmoja, na kila aliyeridhia jina lake lipo, pamoja na la aliyemfundisha.

Sasa nifike kwenye swali lililoipa simulizi hii jina lake.

Katika kazi yetu sentensi unayokutana nayo kila siku ni "Hiyo ni mila yetu." Inasemwa na mume, inasemwa na mwenyekiti, inasemwa na mwanafunzi, wakati mwingine na mkunga. Kwa miaka mingi niliipokea kama ukuta: ama unauheshimu ama unaubomoa. Aliyenionyesha njia nyingine ni bibi mmoja katika kijiji ambacho sitakitaja, na sababu ya kutokitaja nitaieleza.

Nilikuwa natafiti ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba nchi nzima asilimia 10 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na mkoani Dodoma asilimia 47. Nasema wazi kwamba ni madhara, sijawahi kuona upande wake mzuri. Nilitarajia kuelezwa habari za unyago. Badala yake nilielezwa habari za lawalawa. Lawalawa, wanavyosema, ni maradhi ya sehemu za siri za mtoto wa kike: muwasho, usaha, homa, na dawa yake ni kukata. Mganga wa zahanati atakuambia hayo ni maambukizi ya kawaida, yanatibika kwa dawa na maji safi. Na hapo ndipo nilipolikumbuka lile korongo. Nani ataoshwa vizuri mahali ambapo ndoo moja inajaa kwa muda ule?

Nikamuuliza bibi yule, "Lawalawa ni mila yenu?" Akasema ni mila. Nikauliza, zaidi kwa uchovu kuliko kwa ujanja, "Tangu lini?"

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema yeye alikeketwa akiwa msichana aliyekwisha kuota maziwa, kwa ngoma, pamoja na wenzake, wakakaa ndani wakifundishwa nyimbo na namna ya kuishi na watu. "Sasa anakatwa mchanga, usiku, hata arobaini hajatimiza. Hakuna ngoma, maana ngoma itasikika." Akatazama mikono yake. "Wimbo gani utamfundisha mtoto wa siku nane?"

Mwaka 1998 sheria ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na nane. Ilikuwa sheria ya haki. Lakini alichonieleza bibi ni kwamba mafunzo yamekwenda, muheme umenyamaza, nyimbo zimesahaulika, wembe peke yake ndio uliobaki, umehamia kwa watoto wachanga ambao hawawezi kusema, na bado watu wanauita kwa jina lilelile la mila. Yaani kilichobaki ndicho kisichostahili kubaki. Sikulijua hilo na dodoso langu lisingelipata kamwe.

Nikaandika makala. Nilikuwa nataka kupanda cheo na ilikuwa makala nzuri. Nilificha majina yote, kama fomu ya ridhaa ilivyoahidi, fomu ambayo wanawake wale waliiwekea dole gumba kwa kuniamini. Lakini niliandika umbali kutoka mjini, nikaitaja zahanati, nikalitaja korongo. Mtu mmoja akaisoma kwenye kikao. Wiki mbili baadaye bibi wawili walichukuliwa kuhojiwa. Waliachiwa siku ileile, ila kijiji kilishajua habari imetoka kwa nani na kwa nani. Niliporudi na zawadi ya sukari, mlango wa yule bibi ulikuwa umefungwa mchana, na mjukuu aliyekuwa uani akasema, "Bibi amesema hayupo." Nilikaa miaka miwili bila kukanyaga pale.

Nilikuwa nimeficha majina, nikasahau kwamba kijiji nacho ni jina. Sijawahi kuisamehe makala ile, ingawa ndiyo iliyohesabiwa nilipopandishwa. Rasimu za wanafunzi wangu wa uzamili nampa mtu aliyezaliwa wilaya ile, namwambia atafute ni kijiji gani. Akikipata, wanaandika upya.

Habari za vyeo nitazipita haraka, maana kila mhadhiri mwanamke anazijua. Nilianza uzamivu mwaka 2012 na mtoto wa miezi minne mgongoni. Mwenzetu mmoja ofisini aliliita somo letu "somo la kina mama" hadi siku binti yake alipolisajili. Makala ya Kiswahili ilikuwa inahesabiwa pungufu, kwa hiyo tunaandika kwa Kiingereza maisha ya watu wasioweza kuyasoma na kutuambia tumekosea. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililonifanya nianze kuandika namna hii. Walionishika mkono ni wanawake waliotutangulia. Nikiwa Mlimani nilisoma maandishi ya Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena, na Jumatano nilipanda daladala hadi Mabibo, kwenye semina za jinsia za TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, ambako mama lishe na profesa waliketi kwenye duara moja na mama lishe akimkatiza profesa, profesa ananyamaza kumsikiliza.

Kisha likaja suala la ardhi. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa dhati, na mwaka 2018 Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, mashamba ya uwele na karanga ya pembezoni yakageuka viwanja. Wapimaji walifika na fomu yenye nafasi ya "mkuu wa kaya". Mama mmoja ninayeabudu naye, mjane, alikuwa amelima shamba moja tangu aolewe. Shemeji zake wakaja. Wakasema kwa upole kabisa kwamba Kigogo mwanamke hamiliki ardhi, ni mila.

Wana karatasi inayowapa nguvu: Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo humnyima mjane urithi. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba linabagua, lakini haikulifuta. Upande wa pili kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na inayotaka wajumbe watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Nilikuwa nazo zote kwenye mkoba siku niliyoitwa kwenye kikao cha ukoo. Sikuzitoa.

Nilipiga goti nikaamkia wazee, mmoja mmoja. Nikasema, "Baba zangu, mimi ni mtoto wenu, naomba kuelimishwa. Hiyo mila ya mwanamke kutokuwa na shamba, ni tangu lini?"

Shemeji mkubwa akafungua kinywa. Aliyejibu ni mzee wa pembeni, baba mdogo wa marehemu, aliyekuwa amelala nusu. Akasema zamani kila mke alikuwa na shamba lake na kilindo chake cha nafaka, na mume hakutia mkono humo bila kuomba. "Mama yangu alimnyima baba uwele mwaka mzima," akasema, "na hakuna aliyemwambia kitu." Kisha akageukia vijana: "Shamba lilikuwa la kulima. Ninyi ndio mnauza."

Ilichukua karibu mwaka. Katika viwanja vinne mjane alipata viwili kwa jina lake. Viwili vimeuzwa, sasa pana nyumba ya bati jekundu ya mtumishi mmoja. Sioni kama haki ilitimia. Karanga amepanda kwenye kimoja.

Yule bibi wa mlango uliofungwa aliniita mwenyewe. Alimtuma mjukuu wake, ambaye sasa yuko sekondari, na ujumbe kwamba ngoma yake imepasuka ngozi na kwamba nije na gari. Nilikuja. Hakuzungumzia makala, wala mimi sikuthubutu kuitaja. Alisema anataka wajukuu wafundishwe zile nyimbo mchana, kwa ngoma, bila wembe, na kwamba zimebaki kama saba tu kichwani mwake. Tulizunguka siku nzima tukitafuta ngozi nzuri. Aliiloweka kwenye beseni, akaivuta juu ya mdomo wa ngoma, akaiwamba, tukaiacha juani hadi siku ya pili, kisha akaizungushazungusha mbele ya moto, akiigonga kwa kidole na kutega sikio.

Nilitoa daftari. Akaniambia, "Leo usiandike." Nikalifunga, akaiweka ngoma katikati ya mapaja yangu, akasimama nyuma, akavishika viganja vyangu. Ruhusa ya kuandika habari hii aliitoa mwaka huu, kwa sharti kwamba kijiji kisijulikane.